Mhudumu wa afya anayebisha hodi: huduma safi, mrejesho sifuri

Niseme mapema: huduma ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ile ambayo zahanati hutoa mafunzo na vifaa halafu wakazi wenyewe wakachagua wa kuwatembelea, nimeikubali. Nyota 4 kati ya 5.

Mhudumu wetu tulimpitisha mkutanoni, kwa hiyo akibisha hodi hakuna anayejifanya hayupo. Anajua nyumba yenye kichanga, anajua aliyeacha dawa, na mdomo wake umefungwa. Bila hilo la mwisho nisingemkaribisha. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 hutoa utepe wa rangi tatu na kuuzungusha katikati ya mkono wa juu. Kijani, salama. Njano, mtoto wa kufuatiliwa. Nyekundu, yaani chini ya milimita 115, ni utapiamlo mkali, na rufaa huandikwa papo hapo. Nilichopenda ni kwamba humpa mama utepe naye apime. Akishaiona rangi mwenyewe, mahubiri ya nini tena?

Mwanangu alipoharisha, alisimama nami hadi nikamaliza kuchanganya ORS, ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: lita moja kamili ya maji safi, si kukadiria, na zikipita saa 24 inayobaki inamwagwa. Vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma. Bango la zahanati lina maneno hayohayo, ila bango halikai kuona umefuata.

Sasa kero yangu. Karatasi ya rufaa ina vipande viwili, na cha chini kinatakiwa kirudi kwa mhudumu kikieleza mgonjwa alitibiwa nini. Hakirudi. Mhudumu anabaki kuulizia kwa majirani habari za mgonjwa aliyemtuma yeye! Takwimu nazo kila mwezi zinapanda kwa wakubwa, hazishuki kutusomea. Nimeuliza kikaoni, nikaambiwa linafanyiwa kazi. Haya.

Wala si kwamba nadai hisani. Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa kuhusu afya ya msingi wa mwaka 1978, lilitamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga, si kupokea tu. Kwenye Ebola ya Afrika Magharibi, wataalamu walipozika bila kuwashirikisha ndugu, kuna familia zilizoficha maiti. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na viongozi wa dini, na familia zikapewa nafasi.

Kama kwenu huduma hii inaanza, msikose mkutano wa kuchagua mhudumu. Ulizeni ORS na zinki zikimwishia nani anamjazia mkoba na kwa muda gani, kisha takeni mtajiwe, kwa jina, mtu wa zahanati atakayerudisha vile vipande vya rufaa.