Blu-ray za muvi za Kichina zile za taratibu: uzoefu wangu mpaka sasa

Niseme mapema, hapa siongelei kung fu wala sizoni za kwenye king'amuzi zilizotiwa sauti za Kiswahili. Naongelea zile muvi za Kichina za taratibu, jamaa anatembea tu kamera iko mgongoni kwake, hamna muziki, hamna wa kupigwa teke, zinashangiliwa kwenye matamasha ya filamu ya Cannes na Venice halafu nyumbani kwao zinafungiwa au zinapita kimya kimya. Za waongozaji kina Jia Zhangke, Bi Gan, Hu Bo, Wang Bing. Nimekuwa nazinunua kwenye Blu-ray, zile diski za picha safi kuliko DVD, kidogo kidogo, nyingi za Uingereza maana binamu yangu anakaa huko na akija likizo namtumia listi, chache za Marekani, na nadhani sasa naweza kusema ipi inastahili hela na ipi ingebaki tu dukani.

Habari ya maeneo tuimalize haraka kwa sababu hapo ndo watu wanapigwa. Blu-ray zimegawanywa maeneo A, B na C, na diski iliyofungwa eneo moja inagoma kwenye deki ya lingine: Marekani, Japani na Hong Kong ni A, Ulaya na Afrika ni B, China bara ni C. Kwahiyo diski ya Uingereza inaingia kwenye deki ya Kariakoo bila neno. DVD sasa ndo kituko, huko sisi tumewekwa 5, Uingereza 2 na China 6, yaani muvi ileile ukiichukua kwa DVD inagoma, ukiichukua kwa Blu-ray inakubali. Za 4K, zile za picha kali zaidi, zenyewe hazina mipaka, zinacheza popote, ila deki yake bei ni ya kuitisha kikao cha familia. Na ukiona kasha la 4K kutoka Marekani lina diski mbili ndani usishangilie kwanza, mara nyingi ile ya 4K ina muvi tupu, mahojiano na makorokoro mengine yote yako kwenye Blu-ray ya pembeni, ya A, na deki yako itakuandikia tu kwamba haiwezi. Kuna moja ilinifanyia hivyo, nusu ya hela niliyolipa bado iko ndani ya kasha siwezi kuiona.

Haya sasa muvi zenyewe.

Kwa mtu anayeanza mimi namwambia Farewell My Concubine ya Chen Kaige, hata kama si ya taratibu sana. Ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 1993, ikagawana na nyingine, na mpaka leo hamna muvi nyingine ya Kichina iliyowahi kushinda hiyo. Ilipoingia Marekani wasambazaji wakaona ndefu mno wakaikata kama dakika 14, watu wa huko wakakaa miaka wakisifia muvi pungufu. Iliyotoka kwenye diski za 4K mwaka 2024 ni nzima, dakika 171. Ile sehemu ya mwanzo, mama anampeleka mwanae kwenye chuo cha opera Beijing, mwalimu anamkataa kwa sababu mtoto ana kidole cha sita, mama anamtoa nje mtaani, mnoa visu anasikika anaita wateja, anamfunika mtoto uso na kumaliza kazi yeye mwenyewe kwa kisu. Kwenye kopi yangu ya zamani, ile ya kununua barabarani, hapo palikuwa kahawia tupu, nilijua kuna jambo kwa sababu tu mtoto alipiga kelele. Kwenye diski safi hamna pa kujificha, unaona kila kitu, mama yangu mdogo aliinuka akaenda jikoni na hakurudi mpaka watoto wamekua wakubwa.

Tukiongelea kopi za barabarani, hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Jia Zhangke alipiga muvi ya Xiao Wu mwaka 1997 kwao Fenyang, mkoa wa Shanxi, kwa filamu ya milimita 16, bila kibali cha serikali. Muvi zake tatu za kwanza hazikuonyeshwa kwenye sinema za China, ya kwanza kupata kibali ni The World, 2004. Kwahiyo Wachina wenzake waliziona wapi? Kwenye diski za magendo, zilezile za kava lililochapwa rangi zikakimbia. Mwenyewe akalitania hilo kwenye Unknown Pleasures ya 2002: anatokea mwigizaji Wang Hongwei, yuleyule aliyekuwa Xiao Wu, anamkuta dogo anauza diski mtaani anamuuliza una Xiao Wu? Hamna. Platform je (nayo ya Jia)? Hamna. Anakasirika. Mimi nilicheka mpaka nikarudisha nyuma, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua kabisa huo mnunuo, unaulizia muvi ya maana unaambiwa hiyo haipo ila kuna kumi za Van Damme kwenye diski moja. Kwahiyo mtu akinijia na hotuba kwamba diski feki zimeua sinema namwambia subiri kwanza, kwa hawa jamaa diski feki ndo ilikuwa ukumbi wao. Mimi silipii orijino ili nionekane mstaarabu, nalipia kwa sababu nataka muvi iwe nzima na sabtaito zieleweke, basi.

Na hapo kwenye sabtaito nina ugomvi. Za Kiingereza zipo, ni sawa, ila kuna diski moja ya Jia nimenunua nyimbo hazijaandikwa kabisa. Sasa ukimjua Jia unajua kwamba watu wake hawasemi yaliyo moyoni, wanayaimba, wanaingia karaoke wanaimba wimbo wa mapenzi wa miaka ile na pale ndo mambo yote yamesemwa, wewe umekaa unaangalia midomo inacheza. Diski nyingine maandishi ni meupe juu ya ukuta mweupe. Kumbuka wahusika wengi wanaongea lahaja ya Shanxi, ambayo Mchina wa mkoa mwingine naye inampiga chenga, kwahiyo hizi sabtaito si pambo. Ya Kiswahili sijakutana nayo, na inaniuma kidogo maana tuliwahi kuwekewa tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili kwenye TBC, watu wakapenda sana, mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba.

Kati ya zote nilizonazo, ninayoirudia ni A Touch of Sin, ile Blu-ray ya Arrow ya Uingereza. Hadithi nne, kila moja imetokana na tukio lililotokea kweli China, ilipata tuzo ya skripti bora Cannes 2013 halafu kwenye sinema za kwao haikufika. Ukiwa umekulia kwenye kung fu hii itakukamata mapema, kwa sababu jamaa amechukua mapozi ya wale mashujaa wa upanga akawavika watu wa kawaida, mchimba makaa, mhudumu wa sauna, kijana wa kiwandani. Wa kwanza anaenda kuua na bunduki amebeba ameivingirisha kwenye kitambaa chenye picha ya simba marara. Na kuna ile ya mwigizaji Zhao Tao, yuko mapokezi sauna, mteja mwenye hela anataka huduma ambayo yeye haitoi, anakataa, yule mtu anatoa bunda la noti anaanza kumpiga nalo kichwani. Anapiga tena, tena, tena, anamwambia hela ninayo. Kamera haikati. Kila pigo linasikika, pah, kavu, sauti ya hiyo diski ni nzuri mno kiasi kwamba unatamani isiwe nzuri hivyo. Halafu ghafla kisu cha matunda kiko mkononi na dada amesimama kama kwenye muvi za zamani za mashujaa. Kwenye flashi niliwahi kuiona ikanipita hivihivi.

Still Life, ya Jia pia, sitakudanganya. Muvi ni kubwa, ilichukua tuzo ya Simba wa Dhahabu Venice 2006, mji wa Fengjie unabomolewa ili maji ya bwawa la Three Gorges yaje yaumeze, vibarua wanalinganisha picha za kwenye noti na mandhari ya kwao, na katikati ya hayo yote jengo linapaa kama roketi bila mtu kushtuka. Huko China iliingia sinema siku moja na muvi ya dhahabu na majumba ya kifalme ya Zhang Yimou, na Jia alifanya makusudi kabisa, akamezwa mzimamzima. Ila imepigwa kwa kamera ya dijitali ya miaka ile, kwahiyo usitegemee mng'ao, nunua ya bei ndogo.

Mountains May Depart, ya Jia tena, ni ya kuangalia ukiwa umeficha rimoti. Ina nyakati tatu, 1999, 2014 na 2025, na kila wakati picha inabadilika upana, inaanza karibu mraba inaishia pana kabisa. Shemeji yangu akaona mistari meusi pembeni akasema TV yako mbovu hii, akazoom, vichwa vikakatwa na nusu ya maana ikaondoka. Tena ukiwa hapohapo kwenye mipangilio zima kile kitu cha kulainisha mwendo wa picha, kinafanya kila muvi ifanane na sizoni. An Elephant Sitting Still ya Hu Bo kinaiua kabisa. Hiyo ni dakika 234 za kijivu, watu wanne, siku moja, na mwenyewe alifariki Oktoba 2017 akiwa na miaka 29 tu kabla haijaonyeshwa popote. Ilikuja kuwa muvi bora kwenye tuzo za Golden Horse za Taiwan 2018. Naiheshimu, sijui kama nitaiweka tena karibuni. West of the Tracks ya Wang Bing ina urefu wa zaidi ya saa 9, viwanda vya mji wa Shenyang vinakufa polepole mbele yako, hiyo naiangalia kwa mafungu kama msahafu wa Ramadhani.

Sasa Long Day's Journey into Night ya Bi Gan. Stori ya namna ilivyopokelewa ni muvi nyingine. Wasambazaji wa China waliitangaza kama muvi ya wapendanao ya mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2018, ukimalizia usiku wa manane mnapigana busu. Wapenzi wakajaa, siku hiyo moja ikaingiza zaidi ya yuani milioni 250. Wakakuta mwanaume anatangatanga mji wa Kaili anamtafuta mwanamke wa zamani, hamna kinachoeleweka, saa moja na zaidi imepita ndo anaingia sinema anavaa miwani ya 3D, na nyie mnavaa, halafu inafuata karibu saa nzima ya kamera moja bila kukata. Watu walilala. Walitukana mtandaoni. Kesho yake mauzo yakaporomoka zaidi ya asilimia 90. Mimi nawaelewa, ukinipa tiketi ya mapenzi ukaniletea ndoto ya mtu mwingine lazima nigombe, lakini kosa ni la waliotangaza, Bi Gan hakuahidi busu. Nyumbani, peke yako, taa umezima, ile saa ya mwisho ni kitu cha ajabu, anashuka mgodini, anacheza ping pong na mtoto, anaruka juu ya mji.

Shida ni kwamba naiangalia bila 3D, na makampuni makubwa yaliacha kutengeneza TV za 3D zamani, tangu kwenye 2016 na 2017 hivi. Diski inayocheza 3D ipo, bei inavumilika. Kwahiyo kama kuna mtu Dar ana ile TV ya zamani ya 3D inawaka na miwani yake bado mizima, aseme anataka shilingi ngapi, usafiri juu yangu.