Makochi ya Sebule Nyembamba: Yapi Ununue Ili Watu Waongee

Kwa miaka mitatu nilikuwa na kochi la watu watatu limeegemea ukuta mrefu wa sebule yangu, televisheni mbele yake. Jioni moja mama na mjomba walikaa huku na huku kwenye kochi hilo, mdogo wangu katikati. Kila mama alipotaka kumjibu mjomba, mdogo wangu alijivuta nyuma na kubana mgongo kwenye egemeo ili wale wawili waonane. Alivumilia kama nusu saa, kisha akateremka akaketi sakafuni, pembeni ya meza. Mjomba akageuka, mama naye akageuka, na mazungumzo yakaendelea mpaka usiku. Tangu siku hiyo kila kochi ninaloliona dukani nalipima kwa swali moja: waliokaa hapa wataonana?

Sebule ninayoizungumzia ina upana wa mita 2.4 hadi 3, imenyooka kama ushoroba. Urefu inao, upana ndio unaobana. Chukua chumba cha sentimita 270. Kochi la kawaida lina kina cha 90. Kati ya kochi na meza unahitaji 45 hivi, mguu upite na mkono ufike mezani. Meza yenyewe ina upana wa 60. Njia ya mtu kupita bila kujikunja inataka angalau 75. Jumlisha: 270 kamili. Chumba kimejaa, na hakuna hata kiti kimoja cha kumtazama aliyekaa kwenye kochi. Ndiyo maana watu huishia kupanga kila kitu ukutani, halafu wanashangaa kwa nini wageni wao hutazama televisheni tu.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Miaka ya 1950, katika hospitali moja ya magonjwa ya akili huko Saskatchewan, Kanada, daktari Humphry Osmond na mwanasaikolojia Robert Sommer walitazama wodi ya wanawake wazee. Wodi ilikuwa imepambwa upya, inapendeza, viti vimepangwa kando ya kuta, na wazee wamekaa kimya. Sommer alipowachunguza watu mezani aliona kwamba waliokaa kwenye pembe ya meza, mmoja upande huu na mwenzake upande unaofuata, walizungumza mara mbili zaidi ya waliokaa bega kwa bega, na mara sita zaidi ya waliokabiliana kuvuka meza. Wodini wakaleta meza ndogo za mraba na kuzizungushia viti. Mazungumzo yakaongezeka karibu maradufu. Naye Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza kuwa watu walio kwenye maongezi ya kawaida hukaa umbali wa mita 1.2 hadi 2.1 hivi. Kwa hiyo tunatafuta pembe, na tunatafuta ukaribu. Chumba chembamba kina ukaribu tayari. Pembe ndiyo tunayokwenda kuinunua.

1. Kochi la watu wawili na viti viwili vyepesi

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, na kwa sebule nyingi nyembamba nisingetafuta jingine. Kochi liwe na urefu wa sentimita 150 hadi 165 na kina kisichozidi 85. Angalia mikono yake. Mikono minene hula sentimita 25 kila upande, yaani nusu mita nzima ya kochi ambayo hakuna anayeikalia. Mikono myembamba ya sentimita 8 au 10 inakupa nafasi ileile ya kukaa kwenye kochi fupi zaidi. Viti viwe na upana wa 65 hadi 70, miguu yake ionekane ili sakafu isizibwe, na uzito ambao mtu mmoja anaunyanyua bila kuita msaada.

Mpangilio ni huu: nenda mwisho wa chumba usio na mlango. Kochi liegemee ukuta mrefu, viti viwili vikae kando ya ukuta mfupi, vikitazama urefu wa chumba. Kochi limechukua 85, viti viwili 140, na katika ile 270 unabaki na 45 za taa ya kusimama au kimeza cha pembeni. Njia ya kupita huihitaji hapo kwa sababu hakuna anayepita kwenda popote. Huu ndio ushindi mkubwa wa mpangilio huu. Ukiacha njia ikatize katikati ya waliokaa, kila anayekwenda jikoni atayakata mazungumzo vipande viwili.

Dukani, kaa kwenye kochi dakika kumi mgongo ukiwa wima, kama mtu anayesikiliza. Sehemu ya kukalia yenye kina cha sentimita 50 hadi 55 inakuweka sawa. Ikivuka 60 utateleza nyuma, na mwenye miguu mifupi atakaa ukingoni jioni nzima. Kimo cha kukalia kiwe kati ya 42 na 46, na cha kochi kilingane na cha viti. Kiti kirefu kando ya kochi la kuzama kinamfanya mmoja amtazame mwenzake kutoka juu, na hilo huchosha shingo za wote wawili. Uliza pia uzito wa sponji: ya kukalia iwe kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi. Nyepesi kuliko hapo itabonyea haraka, na kile kimo ulichopima kitapotea.

2. Viti vinne vya mtu mmoja mmoja na meza ya duara

Kwa maongezi peke yake, hivi vinakaribia kulishinda chaguo la kwanza. Meza ya duara yenye kipenyo cha 60 au 70, viti vinne kuizunguka, kila mmoja ana pembe na jirani yake. Kasoro ni kwamba hakuna pa kujinyoosha alasiri, na nyumba yenye watoto hupenda mahali pa kujikunyata wawili watatu. Kama mnaishi wawili na mnapenda wageni, chukueni hivi. Kimoja kiwe cha kuzunguka: aliyekaa humo anageukia televisheni, kisha anarudi kwenye mazungumzo bila kusogeza kitu. Kipe nafasi tu, egemeo lisigonge ukuta kikizungushwa.

3. Kochi la L

Wauzaji wengi watakupeleka hapa moja kwa moja, na hawakosei sana, kwa kuwa kochi hili linakuja na pembe yake. Nimeliweka la tatu kwa sababu mbili. Pale kwenye kona yenyewe hakai mtu kwa raha: magoti ya jirani yanamzuia upande mmoja na meza upande wa pili, hivyo kochi la watu watano huwa la wanne. Na halihami. Wakija wageni sita huwezi kulivuta wala kuligeuza.

Ukilipenda, upande mfupi usizidi sentimita 160, ili katika chumba cha 270 ubaki na 110 za kupita. Ukiweza, pata lile ambalo upande huo hauna egemeo refu, ili anayeingia mlangoni asikutane na ukuta wa kitambaa. Hakikisha umeagiza upande sahihi: simama mbele ya kochi ukilitazama, kisha andika kwenye risiti kama upande mfupi uko kulia kwako au kushoto kwako. Maneno "kulia" na "kushoto" bila kusema umesimama wapi yamerudisha makochi mengi dukani. Pia usichanganye L ya kukaa na lile kochi lenye sehemu ya kunyooshea miguu. Aliyelala hapo anatazama mbele kama wengine, na mmerudi kwenye mstari mmoja.

4. Makochi mawili yanayotazamana

Ukiyaegemeza kwenye kuta ndefu, yamekula 170 katika 270. Zimebaki 100, magoti yanakaribiana, meza haiingii, na njia inapita katikati. Usifanye hivyo. Lakini chumba kikiwa na urefu wa mita 5 au zaidi, yageuze: migongo ikate upana wa chumba, kochi la 160 likiacha 110 za njia upande mmoja. Hapo yanapendeza kweli, na mgongo wa kochi moja unakigawa chumba sehemu mbili. Kwa chumba kirefu hivyo ningeyapandisha hadi nafasi ya pili. Vinginevyo, kutazamana uso kwa uso muda wote huchosha. Macho hayana pa kupumzikia.

5. Seti nzima

Kochi la watatu, la wawili, na la mtu mmoja, vyote vya kitambaa kimoja. Ukigawanya bei kwa idadi ya wanaokaa inaonekana nafuu, na wengi hununua kwa hesabu hiyo. Katika sebule nyembamba seti hukaa kuta tatu, watu wakipaziana sauti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kama tayari unayo, litoe lile la watatu kwanza.

Fedha ikiwa haitoshi kwa mara moja, anza na kochi la wawili na uvute viti vya mezani kwa muda. Ongeza stuli mbili zinazoingia chini ya meza; hizo ni nafasi za wageni wawili zisizokula sakafu. Meza isizidi kimo cha kukalia. Zulia liwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya kila kiti kukanyaga juu yake.

Kabla ya kulipa, tandaza magazeti sakafuni kwa vipimo halisi vya kila kitu, yabane kwa selotepu, uishi nayo siku mbili. Utajua kwa nyayo zako pale panapobana. Kisha pima mlango, kona ya ngazi na kimo cha dari ya ngazini. Kochi lenye kina cha 85 huweza kupita kwenye mlango wa 80 likisimamishwa wima na kuzungushwa, ama miguu yake ikifunguliwa, kwa hiyo muulize muuzaji kama inafunguka, na umwombe aifungue mbele yako.