Kusoma mchoro wa mtu: mkao kwanza au mstari kwanza?

Kila tukienda Fort Jesus kutazama michoro waliyoiacha Wareno ukutani, swali hurudi pale pale: mtu aliyechorwa kwa mistari mitupu asomwe vipi?

Wanaoanza na mkao huuliza uzito umelalia mguu upi. Nyonga ya mguu unaobeba mwili hupanda, bega la upande huo hushuka. Ukiyaona hayo, umejua mtu amesimama kwa raha zake. Ni njia ya haraka, haitaki chochote ila macho, na hata mchoro uliofifia husomeka. Ila nguo pana huiponza: chini ya kanzu au buibui, nyonga utaijuaje?

Hapo mstari hushinda. Sogea karibu. Mstari unapokuwa mnene, mara nyingi mkono wa mchoraji ulikaza. Goti likikatiza mstari wa paja, goti ndilo lililo mbele. Lakini njia hii hula muda, na picha ya simu hupoteza unene huo.

Mimi napenda mstari. Hata hivyo, anayechora wapita njia pale sokoni Marikiti aanze na mkao, maana hawamngojei. Mwenye karatasi yenyewe mezani na alasiri nzima, ashike mstari.