Basi la Watalii Roma: Uliza Kituo Kiko Wapi Kabla ya Kuuliza Bei

Tangu Jubilei ya 2025, Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, malalamiko ninayoletewa na mahujaji kuhusu mabasi ya watalii ya Roma yanafanana mno. Hakuna anayesema basi lilikuwa bovu au kiti kilikuwa kigumu. Wanasema waliambiwa basi linafika Chemchemi ya Trevi, wakashuka palipotajwa Trevi, wakakuta barabara ya magari na milango ya hoteli. Maji hayaonekani wala hayasikiki. Dada mmoja wa Moshi alikuwa na mama yake anayetembea kwa mkongojo. Aliniandikia kwamba walipofika kwenye chemchemi yenyewe mama alisema imetosha, arudishwe alikolala, na siku yote iliyobaki tiketi ikakaa mkobani. Walikuwa wamelipia saa 24.

Mabasi ninayozungumzia ni yale ya ghorofa mbili, juu wazi, unalipa mara moja kisha unapanda na kushuka utakavyo mpaka muda wa tiketi uishe. Ukitafuta ushauri juu yake utaambiwa ulinganishe bei, idadi ya vituo, na lugha zinazosikika kwenye visikilizio. Hayo sitayagusa sana. Bei hazipishani kwa kiasi cha kukuhangaisha, vituo vyao karibu vyote ni vilevile, na katika mabasi niliyopanda mimi sijawahi kukuta Kiswahili masikioni. Ninachotaka ukishike ni kimoja: jina la kituo si mahali penyewe.

Sababu yake ni mji wenyewe. Roma ya kale ni vichochoro, na katikati yake magari yamewekewa mipaka mikali. Tangu Januari 2019 hata mabasi makubwa ya kukodi ya watalii yamezuiwa kuingia kitovu cha mji. Trevi, hekalu la kale la Pantheon, uwanja wa Piazza Navona na Ngazi za Hispania ziko ndani ya vichochoro hivyo. Hakuna basi la ghorofa litakalokushusha mbele yake, la kampuni yoyote, hata ile ninayoipenda. Kwa hiyo kampuni huchukua kituo chake kwenye barabara kubwa iliyo karibu na kukipa jina la kitu maarufu kilicho jirani. Kwenye ramani ya rangi nzuri ile picha ya chemchemi imechorwa juu kabisa ya nukta ya kituo. Hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Kwa Trevi na Ngazi za Hispania, kituo huwa maeneo ya Piazza Barberini. Kutoka pale hadi majini ni kama nusu kilomita kwa Trevi, na kwa Ngazi za Hispania vilevile au zaidi kidogo. Kijana hatahisi kitu. Lakini njia za Roma zimesakafiwa mawe madogo meusi, wenyeji wanayaita sampietrini, yaliyolainishwa na karne za nyayo na kuachana hapa na pale kiasi cha kumeza ncha ya mkongojo au gurudumu la kigari cha mtoto. Mvua ikinyesha yanateleza. Na usidhani ukifika kwenye Ngazi za Hispania utamkalisha mama apumue: tangu 2019 kukaa juu ya ngazi zile ni kosa la kutozwa faini, na askari wa jiji wanapuliza filimbi kweli.

Kwa Pantheon, kituo cha maana ni Piazza Venezia, na kutoka hapo unatembea kama dakika kumi. Piazza Navona iko mbele zaidi. Kumbuka pia kwamba Piazza Venezia yenyewe sasa ni eneo la ujenzi, wanachimba kituo cha treni ya chini ya ardhi ya mstari wa C, na kazi hiyo itachukua miaka. Vituo vya mabasi pale vinaweza kusogezwa. Ndiyo maana ramani ya karatasi uliyopewa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi usiitegemee.

Vatikani nako kuna mtego wake. Desemba 2024, siku moja kabla ya Jubilei kufunguliwa, Piazza Pia, ule uwanja ulio kati ya ngome ya Castel Sant'Angelo na barabara ya Via della Conciliazione, ulifunguliwa upya ukiwa wa waenda kwa miguu peke yao, magari yakapelekwa kwenye njia ya chini. Pamependeza sana, nasema kwa dhati, ila maana yake basi linakushusha upande wa mto nawe unatembea kuelekea Basilika ya Mtakatifu Petro. Hilo si tatizo, njia ni tambarare na ukiinua macho basilika iko mbele yako. Tatizo ni wale wenye tiketi ya Makumbusho ya Vatikani. Lango la makumbusho haliko uwanjani kwa Mtakatifu Petro. Liko Viale Vaticano, upande wa pili wa ukuta, na kuuzunguka ukuta ule ni kama robo saa nyingine ya mwendo. Mtu amenunua tiketi ya kuingia saa nne asubuhi, ameshuka kituo cha Vatikani saa nne kasoro kumi akijiona amewahi, anafika langoni amekwisha kuchelewa. Kwa makumbusho, panda treni ya mstari wa A, shuka Ottaviano. Utalipa kidogo na utafika karibu zaidi.

Sasa orodha yangu, kwa mpangilio ninaouamini.

Wa kwanza ni Big Bus, na sifichi kwamba hawa ndio ninaowapenda. Mabasi yao ni ya rangi ya damu ya mzee. Wana programu ya simu inayoonyesha basi liko wapi wakati huohuo, pamoja na vituo kwenye ramani halisi ya barabara, si ile ramani ya kuchorwa yenye picha. Kwa mtu anayejali kituo kama mimi, hiyo inamaliza mjadala. Usiku kabla ya kutoka unaketi kitandani, unafungua ramani, unapima kutoka kituoni hadi unakokwenda, unaamua kama mama atakuja au atabaki juu ya basi akiona mji kwa macho. Wahudumu wao wanaosimama vituoni nimewaona wakimwonyesha mtu njia kwa mkono na kumtajia dakika za kutembea, bila kumkimbiza. Nunua ya saa 24 ukiwa na siku moja, ya saa 48 ukiwa na mzee, maana mzee hapelekwi mbio.

Wa pili ni City Sightseeing, wekundu wa kung'aa, kampuni iliyozaliwa Sevilla, Hispania, na sasa iko katika miji mingi ya dunia. Mzunguko wake Roma unafanana na wa kwanza: Termini, yaani stesheni kuu ya treni, Basilika ya Bikira Maria Mkuu, Kolosei, Circo Massimo, Piazza Venezia, Vatikani, kisha Barberini na kurudi. Ukikuta bei yao imeshuka, chukua.

Wa tatu ni mabasi ya njano ya Opera Romana Pellegrinaggi, chombo cha hija cha Vikarieti ya Roma, yaani ofisi inayoendesha jimbo la Papa la Roma. Nawaweka hapa kwa ajili ya wanaokuja kusali. Kama siku yako inaanzia kwa Mtakatifu Petro na una vijana wa kwaya, ofisi zao ziko jirani na pale na wamezoea vikundi vya parokia. Waulize vituo vya siku hiyo kwa majina ya barabara, uandike.

Hapa lazima niseme jambo kwa mahujaji, kwa sababu nimeona watu wakilia. Basilika kuu za Kipapa ni nne: Mtakatifu Petro, Bikira Maria Mkuu, Yohane wa Laterano na Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Mtu anayekuja na nia ya kuzuru zote nne ananunua tiketi ya basi akidhani limemmalizia kazi. Mzunguko wa kawaida haumfikishi kwa Mtakatifu Paulo, kuko mbali kusini. Huko ni treni ya mstari wa B, kituo kinaitwa Basilica San Paolo. Kwa Yohane wa Laterano ni mstari wa A, kituo cha San Giovanni. Bikira Maria Mkuu, alikozikwa Papa Francisko tarehe 26 Aprili 2025, iko kwenye mizunguko karibu yote, lakini kutoka Termini ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu. Nasikitika kila ninapoona familia imesimama juani Termini ikisubiri basi la kuipeleka hapo, na baadaye inasubiri tena irudi, wakati mabasi haya huzunguka upande mmoja tu na kurudi kituo kimoja nyuma ni kuuzunguka mji mzima, saa moja na nusu au zaidi.

Kampuni ndogo za bei ya chini zipo. Sizipendekezi. Mabasi yao ni machache, na basi likiwa chache kila kituo kilicho mbali kinakuwa mbali mara mbili.

Basi la kawaida la jiji, la ATAC, tiketi ni yuro 1.50 kwa dakika 100. Namba 64 linatoka Termini hadi karibu na Mtakatifu Petro, na linasifika kwa wezi wa mifukoni, basi mkoba uwe mbele.

Turudi kwenye muda. Tiketi ya saa 24 na tiketi ya siku moja ni vitu viwili. Ya saa 24 inahesabiwa tangu ulipopanda mara ya kwanza, kwa hiyo ukianza saa nane mchana una haki ya asubuhi ya kesho yake. Ya siku moja inakufa na basi la mwisho. Mengi yanaacha kuzunguka jioni mapema, na kiangazi jua linakuwa bado liko juu, watu wanadhani wana saa mbili zaidi. Kuna na ya tatu, ya mzunguko mmoja bila kushuka, ambayo ni ya bei ndogo na kwa mzee mwenye magoti mabovu ndiyo nzuri kuliko zote, ila wauzaji hawaitaji mpaka uitaje wewe. Jumapili jihadhari: Via dei Fori Imperiali, barabara iendayo Kolosei, hufungwa kwa magari, na saa sita mchana umati wa sala ya Malaika wa Bwana unajaa kwa Mtakatifu Petro. Jumatano asubuhi ni katekesi ya Baba Mtakatifu, kandokando ya mto magari hayaendi. Ukitaka kuona mji kutoka juu ya basi, nenda Jumanne au Alhamisi, asubuhi, kabla jua la Julai halijaanza kuchoma.

Na wauzaji. Termini, ukitoka tu nje ya stesheni, wapiga debe wamekwisha kukuzunguka wakiwa wamevaa vizibao vya rangi. Wengi si waajiriwa wa basi lenyewe, wanauza kwa kamisheni. Ukimuuliza kituo cha Trevi kiko wapi atajibu "palepale". Ukimwambia akuonyeshe kwenye ramani ya simu yako atabadilisha mazungumzo na kukuuliza unatoka nchi gani. Msomaji mmoja wa Nairobi aliuziwa karatasi ambayo ilibidi aibadilishe ofisini kabla ya kupanda, na ofisi iko upande mwingine wa stesheni, na foleni. Watu wazima wanne wanatoa zaidi ya yuro 80, hizo ni zaidi ya shilingi 200,000 za Tanzania, nyumbani ni ada ya mtoto, halafu mtu anakujibu "palepale". Inanikera, na haitaacha kunikera. Kampuni zingeweza kuandika kwenye tiketi, chini ya kila jina la kituo, mita za kutembea. Ni mstari mmoja wa wino.

Wanaokera zaidi ni wanaounganisha basi na Kolosei kwenye tiketi moja. Tangu Oktoba 2023 tiketi za Kolosei huandikwa jina la mwenye nayo, na kuingia ni kwa saa iliyopangwa. Kama muuzaji hakukuuliza jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na hakukuambia saa ya kuingia, hajakuuzia Kolosei, amekuuzia ahadi. Nunua Kolosei peke yake kwenye tovuti rasmi, kisha nunua basi peke yake kwenye programu ya kampuni. Ukilipa kwa kadi mtaani na mashine ikakuuliza ulipe kwa yuro au kwa fedha ya kwenu, chagua yuro, kwa sababu kiwango watakachokubadilishia pale ni cha kukuumiza.

Maji usinunue juu ya basi. Mji una zaidi ya mabomba 2,000 ya barabarani yanayotoa maji safi ya kunywa mchana na usiku, wanayaita nasoni. Beba chupa tupu, na mzee mkalishe ghorofa ya chini, upande wa mlango.