ADS ya NASA: ukitaka kumpima mtafiti wa jua anzia hapa

Wadau wa fizikia, leo niwape mapitio ya ADS, ile huduma ya kutafutia makala za astronomia na fizikia ya jua, maana naona wengi wakitaka kujua mtafiti fulani ni wa kiwango gani wanaenda Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, wanaangalia ile namba ya juu ya saitesheni (yaani kazi zake zimenukuliwa mara ngapi), basi wameshamaliza. ADS inaendeshwa na taasisi ya Smithsonian pale Cambridge, Massachusetts, kwa hela za NASA, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 na ni bure kabisa, huulizwi kadi ya benki wala upo chuo gani. Unaingia, unatafuta, unasoma.

Mchukulie Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago. Unaandika jina lake, ukiweka kile kialama cha ^ mbele ya jina inakuletea zile tu alizokuwa mwandishi wa kwanza, unazipanga kwa saitesheni na unakutana na ile ya 1958 ya upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka kwenye jua. Sasa hiyo makala wahakiki wawili, wale wanaoipitia makala kabla haijachapwa, waliikataa jamani! Aliyeiokoa ni mhariri wa Astrophysical Journal, Chandrasekhar, ambaye hata yeye wazo lenyewe halikumkaa vizuri, ila alipitia hesabu akaona hazina kosa akaruhusu ichapwe. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kikiwa njiani kwenda Zuhura kikaupima huo upepo, kumbe upo kweli na unavuma muda wote. Leo imenukuliwa maelfu ya mara, na kinachonifanya niipende ADS ni kwamba ile namba ukiibonyeza inafunguka, unawaona walioinukuu mmoja mmoja na mwaka wao, hadi hawa wa juzi wanaotumia data za Parker Solar Probe, chombo cha NASA cha kuchunguza jua kilichorushwa Agosti 2018. Yaani unasoma mwenyewe wameitumia kwa kazi gani, sio unaambiwa tu ni kubwa.

Kuna sehemu ya vipimo, hapo ndo utakuta indeksi ya h aliyoileta mwanafizikia Hirsch 2005, kwamba mtu mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Nzuri, ila peke yake inadanganya, hasa kwenye jua. Angalia makala ya 2012 inayoelezea kamera za AIA zinazopiga picha za jua kwenye satelaiti ya NASA ya SDO, nayo ina saitesheni maelfu kwa sababu kila anayetumia picha za AIA anatakiwa ainukuu, na waandishi wake ni makumi. Hao watu wanastahili heshima zao zote, bila wao wengine tusingekuwa na cha kuchambua, ila huo mchango ni tofauti na wa Parker ambaye makala zake nyingi kubwa kaandika peke yake. ADS inakupa pia hesabu inayogawa saitesheni kwa idadi ya waandishi, na hapo picha inabadilika kabisa. Halafu washa kichujio cha makala zilizohakikiwa, maana mihtasari ya mikutano inajaza orodha balaa.

Udhaifu upo. Majina ni shida, ukiandika Parker na herufi E tu unaletewa na Parker wengine wasiohusika, na kwa sisi wenye majina matatu, ambayo jarida moja linayaandika hivi na lingine vile, kazi za mtu mmoja zinatawanyika kama za watu wawili. Dawa yake ni ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti isiyofanana na ya mwingine, kila mtafiti kijana aifungue mapema aunganishe makala zake. Pia wanaonukuu kutoka nje ya fani, mfano mainjinia wa umeme wanaoandika kuhusu dhoruba za jua na gridi za umeme, ADS haiwapati wote, kwa hiyo usishangae Scholar ikiwa na namba kubwa zaidi.

Kwa wanaotumia simu na bando dogo, ukurasa wa kawaida ni mzito, ila kuna toleo jepesi la HTML tupu linalofunguka haraka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Hilo hilo linatosha kutafuta na kusoma mihtasari, na makala nyingi za zamani zimeskaniwa zote, ikiwemo hiyo ya 1958, unaishusha bila kulipa chochote.