Kadi ya grafiki kwa ajili ya Linux: nunua ipi, acha ipi

Kwanza jiulize kama unaihitaji kweli. Kwa kuandika, kutazama filamu na kurekebisha picha za hapa na pale, grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya Intel au AMD inatosha, na Linux inaitambua bila wewe kugusa kitu. Kadi ni ya mcheza gemu, mtu wa Blender (programu ya kuchora 3D), mhariri wa video ndefu au anayechezea akili unde. Kama haumo humo, hela yako ipeleke kwenye SSD na RAM, utanishukuru.

Kama umo, achana kwanza na lile swali la "ina GB ngapi?" Uliza ni ya kizazi gani. Kadi mbili zinaweza kuwa na GB 4 za kumbukumbu kila moja, moja ikawaka dakika ileile unayoichomeka, nyingine ikakukesha hadi saa nane usiku ukitafuta draiva ambayo watengenezaji wenyewe walishaitelekeza. Mpangilio wangu ndio huu, na ni wa mtu anayelipia bando mwenyewe.

1. Radeon RX 6600

Ukiwa na hela ya kadi moja tu, chukua hii. Draiva yake, amdgpu, imo ndani ya kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, na kazi ya Vulkan na OpenGL, njia ambazo gemu hutumia kuchora picha, inafanywa na Mesa, furushi la programu huria ambalo kila distro (toleo la Linux kama Debian au Mint) kubwa inakuja nalo. Hakuna cha kupakua. Hata Debian 12 yenye kerneli 6.1 inaiendesha. Ina GB 8, inakula wati 132 na inataka waya mmoja wa pini 8. Valve, wenye duka la gemu la Steam, ambao kifaa chao cha gemu cha mkononi, Steam Deck ya 2022, inatumia chipu ya AMD na Linux, wamewekeza sana kwenye draiva hizi, na anayefaidi ni wewe.

Kasoro moja tu ikiwa unachomeka kwenye TV: mwaka 2024 HDMI Forum, chama kinachosimamia HDMI, iliikatalia AMD kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva huria, kwa hiyo 4K ya Hz 120 usiitegemee kwa waya wa HDMI. Tumia DisplayPort.

Na usikimbilie toleo jipya kabisa ukiwa na mfumo wa zamani. RX 9060 XT ya 2025 ni kadi nzuri, ila kwa Debian 12 kama ilivyo haikufai kitu. Inataka kerneli na Mesa za karibuni.

2. RX 580 ya mtumba

Hii ndiyo kadi ya mwenye hela ya mawazo. Ni ya 2017, inakula wati 185, na bado inatumia draiva ileile ya amdgpu. Shida ni historia yake: nyingi zimechimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, feni zimelegea, na baadhi BIOS (programu ya ndani ya kadi) imechezewa.

Ndiyo maana naenda dukani na flashi yenye Linux Mint. Kuna siku Kariakoo muuzaji alinipa kadi, boksi limeandikwa RX 580 GB 8, bei ya RX 580. Nikamwomba tuichomeke kwenye mashine yake, tukawasha kwa flashi bila kusakinisha chochote. Nikafungua terminali, nikaandika `lspci -k`, amri inayoorodhesha vifaa na draiva zake. Mstari ukaja: *Polaris 20 XL [Radeon RX 580 2048SP]*. Hiyo si RX 580 kamili, ni ile ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China, yenye viini 2048 badala ya 2304. Nilipomwonyesha, akasema, "Bosi, hata mimi niliuziwa hivyohivyo." Nikamwamini nusu, bei ikashuka, nikaichukua. Inafanya kazi hadi leo.

3. Kwa kompyuta nyembamba ya ofisini: RX 6400 au GTX 1650

Wengi wetu tuna zile mashine za mtumba kutoka Ulaya, OptiPlex au EliteDesk nyembamba. Pawa saplai yake ni ndogo na haina waya wa pini sita wala nane, kwa hiyo kadi inapaswa kuishi kwa wati 75 za kwenye sloti, tena iwe fupi ya kuingia kwenye kesi. RX 6400 inatumia wati 53 na haihitaji draiva ya kupakua. Lakini inapita kwenye njia nne tu za PCIe (ile sloti ya kadi), kwa hiyo kwenye ubao wa zamani inapoteza kasi, na haina sehemu ya kurekodi video. Anayerekodi achukue GTX 1650 ya Nvidia, ila ahakikishe ni toleo lisilo na tundu la umeme wa ziada.

4. Nvidia RTX, kuanzia mfululizo wa 20

Hapa ndipo marafiki wanaponuna. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliinyooshea Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera. Mambo yamebadilika tangu hapo: Mei 2022 kampuni ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli kwa kadi za kizazi cha Turing (ndicho cha RTX 20) kwenda mbele, na draiva 555 ya 2024 ilipunguza sana kuchezacheza kwa picha kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Kama kazi yako inataka CUDA (mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi, kama za akili unde), hakuna mjadala, nunua RTX.

Ila jua utakachokutana nacho. Draiva unaipakua, ni mamia ya MB. Mara nyingi moduli inajengwa upyaupya kila kerneli inaposasishwa, na siku ikishindikana utawasha ukute skrini nyeusi. Na kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini wakati wa kuwasha, imewashwa, baada ya kusakinisha unaweza kuulizwa utunge nenosiri, kisha ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu ya MOK (ufunguo wako wa kuidhinisha draiva). Watu huipita kwa kubonyeza Enter, maana chaguo la juu ni kuendelea kuwasha. Usiipite. Chagua *Enroll MOK*, ingiza lile nenosiri, ndipo draiva itakubaliwa.

5. Intel Arc

B580 ya Desemba 2024 ina GB 12 na draiva yake ni huria. Tatizo langu nayo ni Resizable BAR, uwezo wa ubao kuiachia prosesa ifikie kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo: bila hiyo kasi inaanguka vibaya, na bao nyingi za zamani hazina. Inataka pia kerneli 6.12 au zaidi. Mwenye mashine mpya aipandishe hadi nafasi ya pili.

Za kuacha dukani

GT 710 na ndugu zake. Ni rahisi, ziko kila kona, na muuzaji atakuapia. Draiva yake, 470, haitunzwi tena tangu 2024. Nouveau, draiva huria ya kadi za Nvidia, itakuwashia skrini, basi. GTX 1060 na 1050 Ti inauma zaidi kuzisema maana zilikuwa kadi za heshima, lakini tawi la 580 la draiva ya Nvidia ndilo la mwisho kuzihudumia. Kama unayo tayari, itumie. Kuinunua leo, hapana.

Ukiwa dukani na flashi yako, baada ya `lspci -k` shuka hadi mstari wa *Kernel driver in use*. Ukiona amdgpu, fungua video, iache icheze dakika kumi huku umeweka sikio kwenye feni, halafu ndipo muanze kuongea bei.