Fundi Aliyenirudishia Sebene

Mahali pa kwanza nilipopeleka santuri za marehemu Baba, ambapo sitapataja, walinirudishia flashi yenye nyimbo nusu nusu. Nililipa, nikapanda takisi kurudi Jinja, nikachomeka flashi kwenye redio ya jikoni. Mwimbaji wa Kikongo akamlilia mpenzi wake mpaka akachoka, gitaa la solo likaanza kupanda, nami nikaweka kisu cha vitunguu chini nisubiri sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Kimya. Ukaja wimbo mwingine.

Walikuwa wamenakili upande A peke yake, santuri baada ya santuri. Kwa nyimbo za Wazungu hasara si kubwa, maana upande B huwa ni wimbo mwingine kabisa. Kwa Wakongo ni msiba. Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika tatu au nne kila upande, na bendi kama OK Jazz ya mpiga gitaa Franco, iliyoanza Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1956, ilihitaji nafasi zaidi ya hiyo. Basi wimbo ukakatwa vipande viwili: upande A maneno, upande B magitaa. Ndiyo maana kwenye sherehe Baba hakukaa mbali na gramafoni. Watu wakiwa katikati ya kucheza, yeye ndiye aliyegeuza santuri upesi kabla miguu haijapoa.

Baba alikuwa dereva wa treni, kwanza wa Reli ya Afrika Mashariki, kisha wa Uganda Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tulikulia kwenye kota za reli Nsambya, Kampala, ambako Msamia, Mteso, Mjaluo na Muganda walisikilizana kwa Kiswahili kwenye foleni ya bomba. Kila safari ya Nairobi ilileta santuri. Aliniachia sanduku la bati lenye santuri 34 na kaseti tisa, na nilipogundua kwamba sebene zote zimeachwa, nililia.

Huyu fundi ninayeandika habari zake hapa nilielekezwa kwake na binamu yangu. Yuko Kampala, ghorofa ya tatu ya jengo moja upande wa Nasser Road, katikati ya wachapishaji wa kadi za harusi. Hana kibao. Ukiwauliza vijana wa mashine za kuchapa "fundi wa santuri" watakuonyesha ngazi. Santuri ndogo anatoza shilingi 5,000, LP, yaani santuri pana ya nyimbo nyingi, 15,000, zile nzito za zamani 10,000, na kaseti 10,000. Nilipeleka santuri zote na kaseti nne. Hesabu ilifika 310,000, akanipunguzia hadi 280,000.

Alinivutia tangu alipofungua sanduku. Alitoa zile santuri nne nzito, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, akaziweka kando juu ya taulo. Hizo si za plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa kule India, na zikianguka huvunjika kama sahani. Kisha akachomoa sindano ya gramafoni na kuweka nyingine. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama, mfereji wa hizi ni mpana mara tatu. Ukiweka sindano ya LP inaogelea huko chini, unasikia mchanga tu."

Wale wa kwanza walikuwa wamenipa mchanga, na mimi nilidhani ni uzee wa santuri.

Moja ya zile nne ina herufi GV kwenye karatasi ya katikati. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilizitoa nyimbo za Kuba kwa ajili ya soko la Afrika kwa namba hizo za GV, na vijana wa Léopoldville walizisikiliza mpaka wakazipiga wenyewe kwa magitaa. Hawakuwa wanajifunza kitu kigeni. Ngoma zile zilikwenda Kuba na watu waliochukuliwa utumwani, wengi wao kutoka Kongo hiyo hiyo. Santuri yetu ni ule wimbo wa muuza karanga ambao bendi ya Don Azpiazu wa Havana iliurekodi New York mwaka 1930. Nyumbani tuliuita "santuri ya njugu". Niliusikia tena pale ghorofani, kayamba zikitikisika wazi kuliko nilivyokumbuka, nikashindwa kusema kitu mpaka ulipoisha.

"Angalia saa," fundi akasema. Ulikuwa umechukua kama dakika tatu. Alinieleza kwamba upande wa santuri ya inchi kumi haukubeba zaidi ya hapo, na kwamba urefu wa wimbo wa pop, huu ambao dunia nzima imeuzoea, ulipimwa na kile kisahani. Santuri ya 45 ilipokuja mwaka 1949 ilirithi kipimo hicho hicho, redio na mashine za nyimbo za kwenye mabaa zikakizoea, na mtunzi akajua amepewa nafasi kiasi gani. Tangu siku hiyo sisikilizi wimbo bila kujiuliza ulitungwa kwa chombo gani.

Niliruhusiwa kukaa siku nzima, na ningemshauri kila mteja aombe hivyo. Tulipofika kwa Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani ambaye kila nyumba ya kota ilikuwa naye, fundi alipunguza sauti badala ya kuongeza. Kabla ya mwaka 1925 waimbaji walipaza sauti ndani ya pembe ili sindano ichonge. Ilipokuja maikrofoni, mtu aliweza kuimba kama anayekunong'oneza, na Jim Reeves aliisogelea mpaka unasikia pumzi. Mama alikuwa akisema huyu mtu anaimba akiwa ameketi kitandani kwako. Sasa najua alikuwa anasikia maikrofoni.

Elvis wa Memphis na Beatles wa Liverpool hawamo sandukuni. Baba hakuwajali. Walikuwemo Fadhili William na "Malaika" yake, Elly Wamala wa Uganda, na kuanzia hapo ni mkono wa dada yangu mkubwa: ABBA, Boney M, na santuri moja pana ya Donna Summer, "I Feel Love" ya mwaka 1977, ambayo karibu kila sauti iliyo nyuma yake imetoka kwenye kinanda cha umeme cha Moog. Ina ukubwa wa LP lakini wimbo ni mmoja. Wenye disko walikuwa wamechoka kubadilisha santuri kila dakika tatu, kwa hiyo wakapewa pana, na wimbo ukanyooka mpaka dakika nane. Chombo kikikua, wimbo nao unakua.

Kaseti ndizo zangu mimi. Philips waliitoa mwaka 1963, lakini kwetu ilitawala miaka ya themanini, wakati santuri mpya hazionekani tena na kila mtu anarekodi kwa rafiki yake. Tuliokoa betri kwa kurudisha mkanda kwa kalamu ya Bic. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na hapo ndipo kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa na hadithi ndefu, ilipopata uwanja wake. Paulo Kafeero angeuweka wapi "Walumbe Zzaaya" kwenye kisahani cha dakika tatu? Anazungumza na kifo, anakibembeleza, anahesabu waliokwenda, na ukikata katikati umemkata mtu maneno matangani.

Kaseti ya Philly Lutaaya, mwimbaji wetu wa Uganda, niliomba tuiache mwisho. "Born in Africa" aliitengeneza akiwa Uswidi, na unasikia vinanda vya Ulaya ya miaka ile vikibeba sauti ya mtu anayetaka kurudi nyumbani. Nilikuwa msichana aliporudi mwaka 1989 akatangaza mbele ya watu kwamba ana Ukimwi, jambo ambalo hakuna mtu maarufu wa Uganda aliyekuwa amethubutu kulisema hadharani. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo. Mpaka leo kila Desemba nyimbo zake za Krismasi ndizo zinazofungua maduka ya Kampala. Kaseti yangu ilikuwa imejikunja ndani. Fundi aliifungua skrubu tano, akaunyoosha mkanda kwa vidole, akaufunga kwenye ganda jipya, na hakunitoza zaidi. Kwa hilo peke yake ningepanda ngazi zile tena.

Yaliyofuata, redio za FM mwishoni mwa 1993, CD, Chameleone akituimbia "Jamila" kwa Kiswahili, sauti zilizonyooshwa na programu ya Auto-Tune baada ya Cher kuizoesha dunia mwaka 1998, na Eddy Kenzo na "Sitya Loss" yake mwaka 2014, hayakuhitaji fundi. Binti yangu anayo yote kwenye simu. Ila alinieleza kitu kilichonirudisha kwenye ile saa ya ukutani: kwenye Spotify wimbo ukisikilizwa sekunde 30 umehesabiwa. Nikaelewa kwa nini nyimbo zake zinaanza na kiitikio hata kabla ngoma haijakaa sawa. Sizichukii. Nasikitika tu kwamba gitaa halipewi tena muda wa kupanda.

Sasa kasoro. Ana gramafoni moja tu inayofanya kazi, kwa hiyo nilingoja wiki tatu. Umeme ukipungua nguvu, mzunguko unalegea na mwimbaji anakuwa mzee ghafla, naye hulazimika kuanza upya. Nyimbo nilizopewa zilikuwa na namba tu bila majina. Nilikaa jioni nne nikiziandika mimi mwenyewe, na kwa bei ile nadhani kazi hiyo ingekuwa yake. Nimemwambia, ameahidi kuajiri kijana.

Pia anakupa nakala mbili: ghafi, na iliyosafishwa mikwaruzo kwa kompyuta. Chukua zote, lakini sikiliza ghafi. Kwenye santuri ya njugu iliyosafishwa, kayamba zimepotea, kwa sababu programu ilizidhania ni vumbi. Yeye mwenyewe alinionyesha kosa hilo kabla sijaligundua.

Nyimbo za Kikongo ameziunganisha, A na B, lakini ameacha sekunde mbili za ukimya katikati. Nilitaka aziondoe. Akaniomba nisikilize kwanza nyumbani. Nilicheza moja Jumapili wajukuu walipokuja, na ile sehemu ya kimya ilipofika, kaka yangu, ambaye ana miaka 67, aliinuka kwenye kiti mkono umenyooshwa kugeuza santuri ambayo haikuwepo. Nimemwambia fundi aziache.

Kaseti tano zilizobaki nampelekea Jumamosi. Moja ina mwandiko wa Baba kwa kalamu nyekundu, "Usifute", na amevunja vile vipande viwili vya juu ili asirekodi mtu juu yake.